Hodi ya Ndani: shajara ya kujifunza kuandika novela ya kutisha

Wiki ya 1

Nianze kwa kukiri: sijawahi kumtisha mtu kwa maandishi. Nina hadithi fupi kumi na kitu, za mapenzi na za ndugu waliogombana, na nyingi zimelala kwenye droo. Mwaka huu nataka kuandika novela moja ya kutisha na kuimaliza. Shajara hii ni ya kuweka kumbukumbu ya nilipokwama na nilivyojikwamua, maana najijua: nikishapita mahali pagumu nasahau kabisa kwamba palikuwa pagumu, halafu safari ijayo nakwama palepale.

Kwanza urefu. Hugo na Nebula, tuzo mbili za hadithi za kisayansi na kifantasia, huhesabu kuwa novela kazi yenye maneno kuanzia 17,500 hadi 40,000. Nimejipangia 25,000. Sizitaki tuzo zao, nataka kipimo chao tu. Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani wa visa vya kutisha, katika makala aliyoandika 1846 kuhusu namna anavyotunga, alishikilia kwamba kazi inayotaka kumwachia msomaji athari moja lazima isomeke kwa mkao mmoja. Msomaji akiinuka, mambo ya dunia yanaingia kati na kila kitu kinavunjika. Na hofu huvunjika upesi. Mtu akikiweka kitabu chini akaenda kuosha vyombo, akirudi zimwi lako limekuwa kikaragosi. Hadithi fupi nayo hainitoshi, kwa sababu nataka msomaji aizoee nyumba kwanza, ajue taa ipi inawaka na ipi imeungua, kabla sijaanza kumchezea. Maneno 25,000 ni kama saa mbili za kusoma. Kwa saa mbili mtu anaweza kukaa.

Nimeandika kurasa tatu. Zina radi, bundi, jumba lililoachwa, damu ukutani, na mwanamke ambaye nywele zimemfunika uso. Dada yangu mkubwa ndiye msomaji wangu wa kwanza tangu utotoni. Kasoma, kanyamaza, kisha kasema: "Mdogo wangu, pale kwenye bundi nilicheka. Nisamehe."

Wiki ya 2

Maneno mapya: 0.

Nimejipoza kwa kisa cha Mary Shelley. Mwaka 1816 alikuwa msichana wa miaka 18, yuko kando ya ziwa la Geneva na wenzake, mvua haikatiki na baridi ni kali ingawa ni majira ya joto. (Mlima Tambora ulikuwa umelipuka Aprili 1815, na vumbi lake lililotanda angani lilivuruga hali ya hewa ya mwaka uliofuata hadi huko Ulaya.) Wakakubaliana kila mmoja atunge kisa cha mizuka. Katika dibaji ya toleo la 1831 anaeleza kwamba kila asubuhi aliulizwa kama amepata kisa, na kila asubuhi ilimbidi aseme hapana. Kazi yenyewe, Frankenstein, ilitoka 1818 na dunia nzima inaijua. Ila mimi ninachokishika ni zile asubuhi. Mimi naulizwa na dada tu, tena kwa ujumbe wa simu.

Wiki ya 3

Nimerudi kwenye zile kurasa tatu kutafuta kicheko kimetoka wapi. Neno "ghafla" limo mara 14. Neno "kutisha", katika sura zake zote, mara 9. Yaani ukurasa mmoja nimemwambia msomaji mara tatu kwamba hiki kinatisha, kama mtu anayeeleza mzaha wake mwenyewe huku akikupiga kumbo.

Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kutisha, ambaye makala yake kuhusu jambo hili ilichapishwa 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake, alitenga vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa navichanganya sufuria moja. Kimoja huikunjua nafsi na kuziamsha hisi zote; cha pili huikunja na kuigandisha. Kwa lugha yangu naviita hofu na kiwewe. Hofu ni kabla hujaona. Masikio yamesimama, unahesabu hatua. Kiwewe ni baada ya kuona, na hapo hakuna la kuhesabu tena. Mimi nilianza na damu ukutani, nikaanzia mwishoni, halafu nikashangaa kwa nini hakuna pa kwenda.

Basi marufuku: ghafla, kutisha, hofu, woga, giza nene, ukimya mzito. Nimeyaandika kwenye karatasi juu ya meza. Bundi amefukuzwa kazi.

Wiki ya 4

Nimepata kisa!

Nilikuwa bafuni, mtu akapiga hodi. Nikaitikia "karibu" bila kufikiri, na maji bado yananimwagikia. Nilipotoka hapakuwa na mtu. Yawezekana alikuwa jirani, kaondoka zake. Lakini nilisimama pale na taulo nikijiuliza: nimemkaribisha nani? Neno limenitoka lenyewe. Mtu akisema hodi, mdomo unaitikia kabla ya akili. Na hodi kwa kawaida husemwa na aliye nje.

Ingekuwaje kama iliyokuja ilitoka ndani?

Muhtasari wa haraka kabla haujapotea. Salima ameajiriwa kupanga karatasi za mfasiri mmoja mzee aliyefariki. Analala mlemle kwenye nyumba ya marehemu mpaka kazi iishe. Kila usiku anasikia hodi. Anaitikia karibu, anakwenda kufungua mlango wa mbele, hakuna mtu. Nyumba ina milango mitano kutoka stoo ya nyuma hadi chumba anacholala. Kila "karibu" moja inafungua mlango mmoja. Hicho kilichomo hakitaki kuingia. Kinaomba ruhusa ya kutoka kije alipo yeye, na ruhusa anaitoa mwenyewe, kwa adabu.

Jina la muda: Hodi ya Ndani. Dada kajibu kwa neno moja: "Endelea."

Wiki ya 5

Tatizo la kwanza, na ni kubwa. Mtu yeyote mwenye akili akisikia sauti kutoka stoo atajua imetoka stoo. Usiku wa kwanza tu Salima angejua. Nikampa mvua ya kuzuia kusikia. Nikachoka nayo, haiwezi kunyesha kila usiku. Nikampa usingizi mzito. Sasa kama amelala, nani anaitikia?

Jibu limekuja kwa njia ya kijinga. Maji yaliniingia sikio la kushoto, likaziba siku mbili. Siku ya kwanza simu yangu iliita, nikaitafuta nyumba nzima, na ilikuwa mezani nyuma yangu. Nilisikia vizuri kabisa kwamba inaita. Sikujua inaita wapi. Nikaenda kusoma. Sauti ikitoka kulia hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huipima, pamoja na tofauti ya ukubwa wa sauti, na hivyo ndivyo unavyogeuza kichwa upande sahihi. Aliye na sikio moja zima anasikia kila kitu, ila kujua sauti imetoka wapi kunamwia kazi.

Salima basi ni kiziwi wa sikio la kushoto tangu utotoni. Hodi anaisikia. Anajua hodi hutoka nje, basi anaiweka nje. Msomaji ndiye atakayeona kwamba mbwa wa jirani hakubweka, na kwamba kikombe kilichokuwa juu ya meza ya ukumbini kimesogea.

Hili limenifundisha jambo ambalo kurasa zile tatu hazikulijua. Nilidhani kutisha ni kumficha msomaji kitu. Kumbe hapa msomaji anajua na Salima hajui, na kila anapofungua kinywa kusema "karibu" msomaji anataka kumziba mdomo. Katika uhakiki hii huitwa taharuki. Neno nalijua tangu shuleni, nimelijibia mitihani, ila sikuwahi kuligusa kwa mkono wangu.

Maneno: 3,150.

Wiki ya 6

Wiki ya sarufi. Sikuitegemea.

Nilikuwa naandika sentensi nyepesi: Salima anampigia rafiki yake simu, rafiki anauliza kama kuna mtu mwingine mle nyumbani. Nikaandika, "Hakuna, niko peke yangu." Kisha sentensi ya msimulizi: "Lakini alikuwako." Nikaibadili: "Lakini alikuwapo." Nikaibadili tena: "Lakini alikuwamo."

Hapo mkono ukasita. Ko ni mahali fulani, huko, hata pasipojulikana. Po ni hapa tunapopaona. Mo ni ndani. Silabi moja imefanya kazi ambayo kurasa tatu za damu hazikuiweza. Nimeamua mo nisiitumie kabisa hadi katikati ya kitabu. Nusu ya kwanza kila kiumbe na kila kitu kiko au kipo. Siku "yumo" itakapotokea, iwe mara ya kwanza, na iwe peke yake kwenye mstari.

Tangu hapo nimekuwa nawinda vitu vya namna hiyo, na vimejaa. Mlango, kwa mfano. "Mlango ulifunguka" ni jambo la upepo na bawaba mbovu. Mlango wenyewe tu. "Mlango ulifunguliwa" ni kitu kingine: ipo mikono, na sentensi haikuambii ni ya nani. Rasimu yangu yote ilikuwa na milango inayofunguka, eti ndiyo ya kimizuka zaidi. Nimeigeuza yote ikafunguliwa. Baridi imeingia yenyewe.

Halafu "hajaondoka". Lugha nyingine ingehitaji kuongeza neno la "bado". Sisi tunalo ndani ya kitenzi. "Hakuondoka" ni habari iliyokwisha. "Hajaondoka" inakutazama.

Halafu nafsi. "Alisimama kizingitini." Mwanamume? Mwanamke? Mtoto? Lugha haikulazimishi kusema, na msomaji wetu hashangai usiposema, kwa hiyo naweza kwenda nalo hilo "a" kurasa arobaini bila mtu kuhisi nimemficha kitu. Na siku ya kuchoka na "a" nina ngeli. Kuna aya katika sura ya 5 ambayo Salima anasikia pumzi nyuma ya mlango wa tatu. Aya inaanza: "Alivuta pumzi. Akanyamaza." Sentensi ya tatu ni "Kikakohoa." Sikueleza lolote. Aliyekuwa a amekuwa ki, katikati ya kikohozi, na kitabu kinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipoiandika nilifunga kompyuta nikaenda kukaa penye watu.

(Nilijaribu li pia: "Likakohoa." Likawa zimwi la hadithi za watoto. Ukubwa unachekesha, ki ina udogo ndani yake, na udogo ndio ulionisumbua.)

Wiki ya 7

Bado sarufi, ila kwa onyo. Ka ya masimulizi inaniharibia kazi. "Akaamka, akawasha taa, akatoka, akashika kitasa, akafungua." Inateremka kama maji, ndiyo kazi yake, na msomaji anateleza nayo hadi mwisho wa aya bila kusimama popote. Panapotakiwa kusimama inabidi niivunje:

"Akaamka, akawasha taa, akatoka. Akashika kitasa. Kina joto."

Maneno mawili, wakati uliopo, na mkono ulioachia kitasa hicho sekunde chache zilizopita uko mahali fulani. Nimelipenda sana hili, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu nimelirudia mara sita katika sura mbili. Nimebakiza moja tu.

Maneno: 6,900.

Wiki ya 8

Rafiki yangu mmoja wa kazini, anayependa filamu za kutisha kuliko chakula, kaniuliza swali ambalo huwa analiuliza kila filamu: "Sasa kwa nini haondoki?"

Nilikuwa na majibu matatu ya uongo. Hana nauli. Gari limeharibika. Ameshika mkataba. Yote yananuka mkono wa mwandishi anayemzuia mtu mlangoni.

Jibu la kweli lilikuwa limeshakaa kwenye sikio lake. Haondoki kwa sababu anadhani hatari iko nje. Kila hodi inamfanya afunge mlango wa mbele kwa komeo la pili, aburute kabati, azibe dirisha. Kadiri anavyoogopa ndivyo anavyojifungia nayo. Sikuhitaji kumzuia hata kidogo. Anajizuia mwenyewe kwa busara ya kawaida ya mtu yeyote anayeishi peke yake. Nimefurahi mno leo kuliko siku zote za mradi huu, nikaenda kumweleza rafiki yangu, akasema, "Ah, hapo sawa," akaendelea na chai yake.

Wiki ya 9

Nimeandika ukurasa mmoja ambao hautaingia kitabuni: sheria za kile kiumbe. Kinasema hodi mara moja tu kwa usiku. Kisipoitikiwa, kinabaki kilipo. Hakivunji, hakisukumi, hakidanganyi kwa sauti ya mtu mwingine. Nilianza kwa kukipa nguvu nyingi, nikaona kila nguvu inapunguza uzito. Kinachoweza yote hakina cha kutusubirisha. Kilichofungwa na adabu kinasubirisha.

Kilikuwa nani zamani, najua. Sitasema kitabuni. Wala hapa.

Wiki ya 10

Maneno 11,300 na kitabu kimekufa mikononi mwangu.

Katikati ndipo novela inapooza. Mwanzo una upya wake, mwisho una kasi yake, katikati nina usiku wa tatu, wa nne na wa tano, na kila usiku ni hodi, karibu, mlango wa mbele, hakuna mtu. Nimekwama ndani ya muundo niliouunda mwenyewe. Nikaanza kumwagia viungo: paka aliyekufa, kioo kilichopasuka, sauti ya mtoto. Bundi aliomba kurudi kazini, kwa kweli nilimfikiria.

Mtoto wa kambo wa Robert Louis Stevenson alisimulia kwamba rasimu ya kwanza ya kisa cha daktari mwenye nafsi mbili, kilichochapishwa 1886, Stevenson aliitupa motoni baada ya mkewe kuikosoa, akaanza upya. Sina moto wala ushujaa huo. Nimehamisha maneno 4,800 kwenye faili inayoitwa "makaburi" na kubakiwa na 6,500.

Nilichokiona baada ya kukata: marudio yenyewe si ubaya, ngano zote zinaishi kwa takriri. Ubaya ni kurudia bila kubadilisha anayejua nini. Kwa hiyo usiku wa pili msomaji anashuku. Usiku wa tatu msomaji anajua. Usiku wa nne Salima anapitiwa na usingizi kabla ya hodi, na hodi haiji, na msomaji anajikuta anaisubiri kwa hamu ya ajabu. Usiku wa tano inakuja mchana.

Nimeandika pia upya sura ya 4, ile ya simu. Mtoto wa marehemu anapiga kumwelekeza Salima ufunguo wa stoo ulipo, naye anaandika maelekezo kwenye bahasha. Ni sura ya kupumulia, nyepesi, yenye mzaha kidogo. Huyo mtoto wa marehemu nimemfanya mtu msahaulifu, anayechanganya majina na siku, ili kuwe na mtu wa kuchekesha kitabuni. Nimegundua kwamba msomaji asipocheka hata mara moja, hofu inakuwa kama mlio wa friji: upo, huusikii tena.

Wiki ya 11

Homa. Maneno 400, mabaya.

Wiki ya 12

Nimempa rafiki yangu wa kazini sura tano za mwanzo nikamwomba jambo moja tu: aweke alama ya penseli kila alipoinua macho kutoka kwenye karatasi. Sikumwuliza kama inatisha. Mtu akiulizwa hivyo anajikaza.

Alama 11. Saba kati ya hizo ziko mahali nilipoeleza hisia: moyo unadunda, jasho linamtoka, vinyweleo vimesimama. Mwili wa Salima unapofanya hayo, wa msomaji unapumzika, ameshafanyiwa. Nimeyafuta yote saba na kuweka vitu. Badala ya jasho, Salima anahesabu vijiko na kuvirudisha droo. Anahesabu tena.

Alama mbili ziko kwenye jina la marehemu, ambalo rafiki anasema ni la mwalimu wake wa hesabu. Nimelibadili. Mbili zilizobaki anasema alikuwa anaangalia mlango, si mambo ya kitabu. Nikamwuliza, "Mlango upi?" Akasema, "Wa nyuma." Hizo nimeziacha.

Wiki ya 13

15,700. Sina la kusema, kazi inakwenda.

Wiki ya 14

Mwisho. Nimeuandika mara nne.

Wa kwanza, mlango wa tano unafunguliwa na tunakiona. Nilikieleza kwa aya mbili na kila sifa niliyoongeza ilikipunguza. Wa pili, ilikuwa ndoto. Huo niliufuta nikiona aibu ingawa nilikuwa peke yangu. Wa tatu, Salima ni mgonjwa wa akili na hodi zote ni za kichwani mwake.

Huo wa tatu ulinishika siku nne, kwa kuwa una heshima yake. Mhakiki Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha 1970, anasema hadithi za ajabu za aina hii huishi kwenye kusitasita: msomaji hajui kama jambo lina maelezo ya kawaida au la, na akishaamua tu, hadithi imekuwa kitu kingine. Na kisa cha Henry James cha 1898, kuhusu mlezi na watoto wawili, wahakiki wanakibishania hadi leo: mizuka ipo, au imo kichwani mwake? (Tazama, hata ubishi wao ni wa po na mo.) Lakini mimi kumfanya Salima mgonjwa kungekuwa kuamua, tena kuamua kwa kumdhalilisha. Nilimpa sikio bovu kwa sababu ya sauti. Sitalitumia tena kumfanya asiaminike. Wenye ulemavu wamechoka kubebeshwa mizigo ya namna hiyo kwenye vitabu vya kutisha, na nakubaliana nao.

Wa nne ni huu. Usiku wa mwisho Salima ameshaelewa. Amekaa kitandani, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hodi inakuja, ng'ambo ya mlango wa chumba chake. Haitikii. Kimya. Kinasubiri, maana ndiyo sheria. Kunapambazuka. Ndipo anapofika mtoto wa marehemu mlango wa mbele, na funguo zake, na tabasamu, na bila kujua lolote anasema hodi kwa sauti. Na kutoka ndani ya nyumba anaitikiwa: "Karibu."

Si sauti ya Salima. Mstari wa mwisho una neno "yumo", na si mara ya kwanza kwenye kitabu, lakini ni mara ya kwanza Salima ndiye anayelisema.

Wiki ya 16

Rasimu imekamilika: maneno 23,240. Nimeisoma yote kwa sauti, kwa siku mbili, mlango wazi. Kusoma kwa sauti kumenionyesha sentensi nyingi zilizokuwa nzuri kwa macho tu, na kwamba "hodi" ikitamkwa mara nyingi mfululizo inapoteza maana na kuwa mlio. Nimezipunguza kutoka 61 hadi 38.

Nimeituma kwa dada usiku wa Ijumaa.

Wiki ya 17

Dada kapiga simu Jumapili alfajiri, jambo ambalo hafanyi. Hakusalimia.

"Mdogo wangu, ile ya simu umeitoa wapi?"

Nikamwuliza simu ipi.

"Sura ya nne. Anaandika kwenye bahasha kwa mkono wa kulia, simu kaishika kwa mkono wa kushoto, kaiweka sikio la kushoto. Anaongea na mtoto wa marehemu ukurasa mzima, anacheka naye. Nikafika mwisho wa sura ndipo nikakumbuka. Sikio la kushoto halisikii. Nilirudi nyuma nikasoma tena. Alikuwa anaongea na nani?"

Nilinyamaza, na yeye akadhani nimenyamaza kwa sababu sitaki kumfichulia. Ukweli ni kwamba nilipoandika sura ile niliitazama mikono yangu mwenyewe: kalamu kulia, simu kushoto. Ni kosa. Wiki kumi na mbili nimelinda sikio lile kama yai, nikaliangusha katika sura ya mapumziko. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi tayari, neno moja tu la kubadilisha.

Sijalibadilisha. Baada ya kuagana naye nimefungua faili kutafuta ni wapi pengine hilo kosa litaharibu, kama nikiliacha. Sura ya 6, mtoto wa marehemu anapofika kuleta balbu, Salima anamshukuru kwa kumwelekeza ufunguo. Naye anakuna kichwa na kusema hakumbuki kumpigia simu.

Mstari huo niliuandika mwenyewe, wiki ya kumi, ili aonekane msahaulifu.